Nicodemus ya Kansas: anza na ardhi, ndipo usome makaratasi

Nicodemus ni kijiji cha kaunti ya Graham, kaskazini magharibi mwa jimbo la Kansas, kando ya barabara kuu namba 24. Kilianzishwa mwaka 1877, na waliokijenga walikuwa Wamarekani Weusi, wengi wao kutoka Kentucky, miaka kumi na miwili tu baada ya utumwa kufutwa nchini mwao. Leo wakazi wake hawafiki hamsini. Mgeni huoneshwa majengo matano ya kale, husoma vibao, hupiga picha, kisha huendelea na safari akiamini ameuona mji.

Anayefuatilia historia ya miji midogo ya nyanda hizi hujifunza mapema kwamba majengo ndiyo ya mwisho kusomwa. Kwanza mvua, kisha vipimo vya ardhi, kisha reli. Ukishika hayo matatu, karibu kila jambo lililoandikwa kuhusu Nicodemus linajieleza: kwa nini watu walilia walipofika, kwa nini kijiji kidogo namna ile kiliwahi kuwa na magazeti mawili kwa mpigo, na kwa nini maduka yalihama bila vita wala moto.

Longitudo ya 100 magharibi hupita maili ishirini hivi magharibi ya kijiji. Mstari huo hauonekani, lakini unaishi katika vichwa vya wakulima wote wa Kansas, kwa sababu karibu nao ndiko mvua ya mwaka hushuka hadi kwenye inchi 20, yaani milimita 500 na kidogo. Nicodemus iko upande wenye afadhali, lakini kwa kiasi kidogo sana. Sehemu kubwa ya mvua hiyo huanguka kati ya Aprili na Septemba, mara nyingi kwa ngurumo na mvua ya mawe, na mwezi Julai upepo wa moto kutoka kusini unaweza kukausha mahindi kwa siku chache wakati yanatoa mbelewele. Sasa chukua watu waliotoka Lexington na Georgetown, Kentucky, penye mvua inayozidi milimita 1,100, penye misitu, tumbaku na katani, uwapeleke hapo. Walijua kilimo vizuri sana, ila walichokijua kilikuwa kilimo cha nchi nyingine.

Mwaka 1878, Nicodemus ikiwa na mwaka mmoja, mwanajiolojia John Wesley Powell aliliandikia bunge la Marekani ripoti kuhusu nchi kame za magharibi. Alisema kwamba pale ambapo mvua haifiki inchi 20, kilimo bila umwagiliaji hakitegemeki, na kwamba ekari 160 hazimtoshi mfugaji. Alipendekeza ekari 2,560. Bunge halikumsikiliza. Wanunuzi na wauzaji wa ardhi walipendelea imani iliyovuma wakati ule, kwamba mvua huja yenyewe jembe likitangulia. Miaka michache ya mvua nzuri iliipa imani hiyo sura ya ukweli, halafu ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1880 na ule wa miaka ya 1890 ukaivunja. Kwa hiyo ukisoma barua au gazeti la Nicodemus linalosifu rutuba, tazama kwanza ni la mwaka gani. Udongo wenyewe ni mzuri kweli, tifutifu laini lenye kina. Kinachokosekana ni maji.

Na maji ya chini hayapatikani popote unapochimba. Chini ya sehemu kubwa ya kaunti kuna mwamba wa chaki na chokaa ambao hautoi maji ya maana. Maji yapo kwenye mchanga wa bonde la mto Solomon wa kusini, na kwenye tabaka la mchanga na changarawe liitwalo Ogallala, ambalo hapa ni jembamba na limekatwakatwa na vijito. Ramani ya nyumba za mwanzo ukiilinganisha na ramani ya vijito utaona zimebanana kwenye kingo. Wengi hudhani ni kwa ajili ya ujirani na ulinzi. Sababu kubwa ni kisima, na kuni, maana miti ilikuwa huko tu: mipopla, mierebi na mielmi michache kandokando ya maji. Mwamba ule wa chokaa ulikuwa na faida moja, ni laini kukatwa ukiwa bado na unyevu, kisha hukauka ukawa mgumu. Hoteli ya St. Francis iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, kanisa la AME (la Wamethodisti Weusi) la mwaka 1885 na kanisa la First Baptist la mwaka 1907 yote yana mawe hayo ndani ya kuta zake.

Sasa vipimo. Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, na bila hapa huwezi kufungua faili lolote. Ardhi ya Kansas ilipimwa kwa miraba kabla ya walowezi kuja. Mstari wa msingi ni latitudo ya 40, ambayo ndiyo mpaka wa Kansas na Nebraska; mstari wa wima ni Meridiani Kuu ya Sita, unaopita mashariki ya katikati ya jimbo. Kutoka hapo nchi iligawanywa katika miraba ya maili sita kwa sita iitwayo taunishipu. Kila taunishipu ina seksheni 36, kila seksheni ni maili moja kwa moja, sawa na ekari 640. Robo ya seksheni ni ekari 160, kama hekta 65, na hiyo ndiyo ilikuwa haki ya mlowezi mmoja.

Nicodemus iko karibu maili 42 kusini ya mstari wa msingi na maili 120 hivi magharibi ya meridiani. Gawanya kwa sita: utaona kwa nini hati za eneo hilo husema taunishipu ya 7 au ya 8 kusini, na safu ya 20 au ya 21 magharibi. Kaunti yote ya Graham ni mraba wa maili 30 kwa 30, yaani taunishipu 25 kamili. Seksheni huhesabiwa kuanzia pembe ya kaskazini mashariki, namba 1, kwenda magharibi hadi 6. Kisha 7 iko chini ya 6, na hesabu hurudi mashariki hadi 12. Huenda na kurudi hivyo mpaka 36 kwenye pembe ya kusini mashariki. Anayehesabu kama anavyosoma kitabu, kila mstari kutoka kushoto, atatafuta shamba mahali pasipo lake. Kosa la pili la kawaida ni kusahau neno "magharibi" kwenye namba ya safu, kwa sababu Kansas ina safu za mashariki pia, na namba ileile inaweza kukupeleka upande wa pili wa jimbo. Seksheni za 16 na 36 zilitengwa kwa ajili ya shule, hivyo usishangae usipoona mlowezi aliyepewa ardhi bure humo.

Mpimaji alitumia mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili, na eneo la minyororo kumi ya mraba ni ekari moja. Mistari hiyo ndiyo iliyogeuka barabara za leo, ndiyo maana kila maili unakuta njia panda. Na kwa kuwa dunia ni mviringo, mistari ya wima husogeleana kadiri unavyokwenda kaskazini. Wapimaji walilazimika kusahihisha kila baada ya umbali fulani. Dereva huhisi sahihisho hilo kama kona mbili za ghafla kwenye barabara iliyokuwa imenyooka kwa maili nyingi. Usiku, kona hizo ni hatari.

Watu walikujaje? Mwaka 1877 jeshi la serikali kuu liliondolewa kwenye majimbo ya mwisho ya kusini lililokuwa likiwalinda watu waliotoka utumwani, na hamu ya kuhama ikapanda. Kampuni ya mji iliundwa Aprili mwaka huo, W. R. Hill, Mzungu aliyekuwa mpiga debe wa ardhi, alishirikiana na viongozi Weusi, akiwemo W. H. Smith na Mchungaji Simon Roundtree. Vipeperushi vikasambazwa Kentucky na kwingineko. Kundi kubwa, watu kama 300, lilifika Septemba 1877. Treni iliwashusha Ellis, na kutoka hapo walitembea maili 35 kaskazini kupitia bonde la mto Saline.

Tazama mwezi. Septemba mahindi hayapandwi tena, na ngano ya majira ya baridi, ambayo hupandwa mwezi huo na Oktoba, ilihitaji ardhi iliyokwisha kuvunjwa, plau, wanyama na mbegu. Hawakuwa na hivyo. Wanyama wa kukokota walihesabika kwa vidole, na wengi walianza kufukua nyasi zenye mizizi iliyosukana kwa sepetu na jembe la mkono. Msimu wote wa baridi ulipita bila mavuno. Baadhi ya familia ziligeuka kurudi mara tu zilipoona mahali penyewe. Nyingine zilivuka baridi kwa kazi za kibarua kwenye miji ya reli, kwa misaada, na kwa nyama waliyopewa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni. Njaa ile husimuliwa kama ugumu wa jangwa. Mimi naiona zaidi kama matokeo ya kalenda: waliouza tiketi na viwanja hawakuwa na hasara yoyote watu wakifika mwezi usiofaa.

Willina Hickman, aliyefika mwaka 1878 na mumewe Mchungaji Daniel Hickman, aliacha maelezo yanayonukuliwa sana. Aliuliza Nicodemus iko wapi, akaoneshwa moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo. Akalia.

Nyumba ile ya shimoni haikuwa uzembe wala ushamba. Katika nchi isiyo na mbao ndiyo iliyokuwa na akili. Mtu alichagua mteremko wa kingo unaotazama kusini au mashariki ili mlango usipigwe na upepo wa kaskazini. Alichimba kuingia ndani ya kilima, pande tatu zikawa udongo wenyewe, na upande wa nne ukajengwa kwa mawe au kwa matofali ya nyasi. Jiko lilichongwa kwenye ukuta wa nyuma na tundu la moshi likapanda hadi juu. Paa lilikuwa boriti moja ya katikati, fito, matawi ya mierebi, nyasi, kisha udongo. Joto halitoki kirahisi, na upepo unapita juu.

Matofali ya nyasi yalikatwa kwa plau maalumu inayotoa ukanda wa upana wa futi moja na unene wa inchi tatu au nne. Ukanda ukakatwa kwa sepetu vipande vya futi mbili au tatu. Hulazwa nyasi zikitazama chini, safu mbili au tatu kwa unene, viungo vikipishana kama kwenye tofali za kuchoma. Lazima ardhi iwe na unyevu, na ukate kiasi cha kujenga siku hiyohiyo tu, kwa sababu kipande kikilala juani hupasuka na kumeguka. Mambo yalipoharibika, yaliharibika juu. Udongo uliolowa huwa mzito mno, na boriti ilikuwa mti wowote uliopatikana, si ule uliostahili. Mvua ikinyesha siku moja, paa hutona siku mbili zinazofuata, matope matupu. Watu walitandaza vitambaa chini ya dari kuzuia udongo, wadudu na nyoka wasidondokee chakula. Kuta zilisilibwa kwa chokaa ya mwamba wa hapohapo, na hiyo ilipunguza viroboto na kuleta mwanga. Kuni zilikuwa vijiti vya kijitoni, mabua ya alizeti, na kinyesi kikavu cha nyati wa nyikani.

Kilichowashikilia pale ni sheria ya mwaka 1862 ya kugawa ardhi bure. Utaratibu wake ndio ufunguo wa makaratasi yote. Unakwenda ofisi ya ardhi, unataja robo yako ya seksheni, unaandikisha. Una miezi sita ya kuhamia. Unaishi humo miaka mitano, unajenga, unalima. Kisha unatoa uthibitisho ukiwa na mashahidi, na baadaye hati miliki inatoka Washington. Ada zote kwa ekari 160 zilikuwa dola 18 hivi. Asiyetaka kusubiri angeweza, baada ya miezi sita, kununua kwa dola 1.25 kwa ekari. Huo ni mtego uliowanasa wengi, kwani fedha za kununulia zilitoka kwa mkopeshaji, na shamba likawa rehani kabla halijawa na mazao mawili.

Kuanzia mwaka 1879 sheria ilitaka kila anayekaribia kuthibitisha atangaze kwanza kwenye gazeti lililo karibu na shamba lake, wiki kadhaa mfululizo, akitaja majina ya mashahidi wanne. Kila tangazo lililipiwa. Sasa piga hesabu: walioandikisha mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880 walitimiza miaka mitano kati ya 1882 na 1887. Western Cyclone lilianza kuchapishwa Nicodemus mwaka 1886, na Nicodemus Enterprise mwaka 1887. Wanahistoria wa juujuu huona magazeti mawili wakasema mji ulikuwa umekomaa. Ulikuwa umekomaa kwa namna fulani, ndiyo, lakini wachapaji wa nyanda zile walikula kwa matangazo ya ardhi, na matangazo yalipopungua magazeti mengi ya vijijini yalikufa pamoja nayo. Kwa mtafiti wa leo, safu ile ya matangazo yenye herufi ndogo ni bora kuliko tahariri. Mashahidi wanne ni majirani, wakwe, mashemeji, washirika wa kanisa moja. Ukichora nani alimshuhudia nani, unapata ramani ya ukoo ambayo hakuna sensa itakayokupa.

Siasa nitaipitia haraka. Zachary Fletcher alifungua duka la kwanza na posta, na mkewe Jenny alikuwa mwalimu wa kwanza. Kaunti ya Graham ilipoundwa rasmi mwaka 1880, Edward McCabe, kijana aliyezaliwa Troy, New York, akawa karani wake. Mwaka 1882 alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata cheo cha ngazi hiyo huko. Baadaye alihamia Oklahoma na kuanzisha mji wa Langston. Makao makuu ya kaunti yalikuwa Millbrook mpaka kimbunga kilipoubomoa mji huo mwaka 1887, ndipo Hill City, mji wenye jina la yule Hill wa mwanzo, ukayachukua mwaka 1888. Hill City iko maili 12 tu magharibi ya Nicodemus. Ofisi, mawakili, benki na mahakama vyote vikaangukia kwa mpiga debe.

Reli inahitaji nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyoamua.

Gari la farasi wawili lilibeba vibaba vikubwa vya ngano, viitwavyo busheli, kama 50. Busheli moja ya ngano ni ratili 60, kilo 27 na kidogo, hivyo mzigo ni kilo 1,350 hivi. Likiwa limejaa, gari huenda maili mbili au tatu kwa saa. Ellis iko maili 35. Kwenda na kurudi ni siku tatu au nne, farasi wakila, mkulima akilala njiani, na mazao mengine yakimsubiri shambani wakati wa mavuno. Stesheni ikiwa maili sita, anakwenda na kurudi kabla ya jua kuzama, na bei ileile ya ngano inamwachia faida. Kwa sababu hiyo kampuni za reli ziliweka stesheni kila baada ya maili saba hadi kumi hivi: si mapenzi kwa wanakijiji, ni umbali ambao farasi anaweza kuumaliza kwa siku, pamoja na mahitaji ya maji ya injini ya mvuke.

Mwaka 1887 kampuni mbili zilikuwa zikipimapima njia kwenye bonde la Solomon: Missouri Pacific na Union Pacific. Wapiga kura wa Nicodemus waliidhinisha hati fungani, yaani deni la umma, za dola 16,000 kuivuta Missouri Pacific. Reli hiyo haikuja. Union Pacific ilijenga mwaka 1888, ikapita ng'ambo ya kusini ya mto, na kambi yake ikageuka mji wa Bogue, maili sita hivi kutoka Nicodemus.

Kwa nini kampuni isitumie mji uliokuwepo? Wengi hujibu kwa neno moja, ubaguzi. Ubaguzi ulikuwepo katika kila ofisi ya zama zile na sina sababu ya kuutoa nje ya hesabu. Lakini miji ya Wazungu nayo iliachwa hivyohivyo kwa makumi kote Kansas, na anayetaka kuelewa lazima aone maslahi. Njia ya reli hutafuta mteremko mdogo na madaraja machache. Kubaki upande mmoja wa mto ni fedha iliyookolewa. Zaidi ya hapo, mji mpya kwenye stesheni mpya humpa mwenye reli au washirika wake viwanja vyote vya kuuza, ambapo katika mji wa zamani viwanja tayari vina wenyewe. Hati fungani nazo hulipwa tu ikiwa reli imefika mahali palipotajwa, kwa tarehe iliyotajwa. Wanakijiji hawakupoteza dola 16,000 hizo. Walichopoteza ni kila kitu kingine. Wafanyabiashara walifunga maduka na kuhamia Bogue, na baadhi walihamisha hata majengo, jambo la kawaida enzi hizo kwa nyumba za mbao: huinuliwa kwa jeki, huwekewa magogo, hukokotwa.

Mpaka leo kuna kanuni nzuri ya kusafiri nyanda hizi: ukiona vihenge vya zege kwa mbali, hapo palikuwa na stesheni. Pasipo na vihenge lakini pana kanisa la mawe na makaburi, palikuwa na watu ambao reli iliwaruka.

Hata hivyo Nicodemus haikufa, na hili ndilo jambo ambalo hesabu ya wakazi wa kijijini huficha. Wakulima hawakuhama na wenye maduka. Walikuwa kwenye robo zao za seksheni, wamesambaa kote kwenye taunishipu, na kijiji kilibaki kituo chao cha kanisa, shule na mikutano. Ukitafuta Nicodemus kwenye sensa, tafuta taunishipu nzima, usiishie kwenye kijiji. Vinginevyo utaandika tanzia ya jamii iliyokuwa bado inavuna. Pigo lililowafikia wakulima wenyewe lilikuwa miaka ya 1930, ukame, tufani za vumbi na bei mbovu kwa pamoja. Ukumbi wa taunishipu, ambao mgeni huuingia kwanza, ulijengwa mwaka 1939 kwa mradi wa serikali wa kuwapa watu kazi. Posta ilifungwa mwaka 1953. Mwaka 1996 mahali hapo pakatangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa, linalosimamiwa na idara ya hifadhi za taifa.

Kilimo cha sasa kinafuata fundisho la Powell kwa kuchelewa: mashamba yameungana, na ekari 160 peke yake haimlishi mtu. Mzunguko uliozoeleka ni ngano ya majira ya baridi, kisha mtama, kisha shamba kulazwa tupu ili lihifadhi unyevu, hivyo kupata mazao mawili kwa miaka mitatu. Ngano hupandwa Septemba au Oktoba na kuvunwa mwishoni mwa Juni na mapema Julai. Mtama hupandwa mwishoni mwa Mei au Juni. Mtama huo, nafaka iliyotoka Afrika, unastahimili upepo wa moto kuliko mahindi, na ndiyo maana unajaza mashamba ya ukoo wa waliotolewa Afrika kwa nguvu, ingawa sababu yake ni mvua tu. Shamba lililolazwa huharibika kwa njia mbili: likiachwa na magugu hunyonya maji yaleyale uliyotaka kuyatunza, na likilimwa mno hupeperuka. Siku hizi huachwa na mabua ya msimu uliopita ili yashike theluji na kuvunja upepo.

Kwa anayetafuta watu au shamba fulani, mpangilio unaookoa muda ni huu. Sensa ya taifa ya mwaka 1890 karibu yote iliteketea, kwa hiyo usiitegemee. Badala yake Kansas ilikuwa na sensa zake za jimbo, mwaka 1885, 1895, 1905, 1915 na 1925, zenye swali la jimbo alikotoka mtu kabla ya Kansas, na majedwali ya kilimo yanayoonesha ekari, mazao na mifugo ya kila mkulima. Jina likishapatikana, tafuta hati miliki kwenye kumbukumbu za ardhi za serikali kuu, unakili robo, seksheni, taunishipu, safu na namba ya hati. Kwa maelezo hayo omba faili lote la uandikishaji kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa. Hati miliki ni karatasi moja kavu. Faili lina ushahidi wenyewe: ukubwa wa nyumba, ekari zilizovunjwa kila mwaka, kisima, idadi ya watoto, na siku ambazo mtu hakuwepo na sababu yake. Rehani na mauzo yaliyofuata yako kwa msajili wa hati wa kaunti, Hill City.

Ugumu unaanza ukivuka kurudi Kentucky. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja Wamarekani Weusi wote kwa majina. Kabla ya hapo, orodha za watumwa za mwaka 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, halafu umri, jinsia na rangi tu. Usichukue jina la ukoo la mlowezi ukaenda moja kwa moja kwa mmiliki mwenye jina hilohilo. Wengi walijichagulia majina, na ndugu wa tumbo moja waliweza kutofautiana. Linganisha kwanza mashahidi wa Kansas na majirani wa Kentucky wa mwaka 1870. Kundi lililohama pamoja huonekana pamoja pande zote mbili.

Ukienda mwenyewe, jaza mafuta Stockton au Hill City, kwani kijijini hakuna kituo. Wajukuu na vitukuu hurudi kila mwaka mwishoni mwa Julai kwa sherehe ya ukombozi iliyoanzishwa na mababu zao, ambayo iliwekwa karibu na tarehe 1 Agosti, siku utumwa ulipofutwa kwenye visiwa vya Uingereza vya Karibi mwaka 1834. Wakati huo utapata watu wa kuongea nao. Wiki nyingine utapata upepo na mlinzi wa hifadhi. Chukua ramani yenye namba za seksheni, na uheshimu waya: karibu kila shamba ni la mtu. Barabara za changarawe hupitika mwaka mzima, ila zile za udongo mtupu zenye kibao kinachosema hazihudumiwi sana ziache kabisa kama imenyesha jana. Udongo uleule uliolisha ngano huganda kwenye magurudumu mpaka yasizunguke, na trekta la kukuvuta litakuwa la jirani aliye maili tatu mbele, pengine yuko kwenye mavuno.